Masizi ya Watawa

Jamaa zangu wakitoka Pemba kuja London, kila mtu huku huagizia chake. Mmoja hutaka halua, mwengine papa mkavu, wa tatu karafuu za kutia kwenye chai. Mimi huagizia makumbi ya nazi. Binamu yangu aliwahi kusimamishwa uwanja wa ndege, maofisa wakamfungulia begi, wakalishika kumbi kwa ncha za vidole na kumuuliza ni mnyama gani. Alininunia mwezi mzima. Lakini nimejaribu kila kinachouzwa madukani Ilford, sponji za rangi zote na waya za kusugulia, na sijaona kitu kinachoondoa masizi kama kumbi lililochovywa kwenye majivu.

Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtoto wa kike alitazamwa sufuria zake kabla ya kutazamwa uso. Posa ikija, wanawake wa upande wa mume walizunguka uani kana kwamba wanatafuta pa kupunga upepo, kumbe wanakagua vitako vya sufuria zilizoanikwa kwenye uchaga. Mama alinisimamia kisimani tangu nikiwa na miaka saba. Sikuruhusiwa kuinuka mpaka nijione pua kwenye bati.

Chungu, lakini, kilikuwa na sheria yake. Mama akisema sufuria husuguliwa, chungu hakisuguliwi. Chungu chake cha mchuzi alikuja nacho London mapajani, kimefungwa kwa kanga mbili, akakataa katakata kukitia kwenye mzigo wa chini. Nje kilikuwa cheusi tititi kwa moshi wa kuni za kwetu. Miaka yote aliyokaa nami tuligombana kwa ajili yake, maana mimi jiko langu ni jeupe na wageni wangu wana macho. Kila nikikisogelea na kumbi aliniambia, "Kiache. Huo si uchafu, ndiyo nguo yake."

Mama alikufa mwezi wa baridi kali. Wanaume walimbeba kumpeleka makaburini, na sisi wanawake tukabaki nyumbani, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Sebule ilijaa watu wanasoma. Mimi niliingia jikoni, nikafunga mlango nusu, nikachukua kumbi na majivu ya udi yaliyokuwa kwenye chetezo, nikakisugua kile chungu. Nilijiambia kwamba watu watarudi kwa ajili ya hitima wasije wakaona jiko chafu. Ukweli ni kwamba mikono yangu ilikuwa haina pa kwenda. Wanaume waliporudi, viatu vyao vina udongo mwekundu, chungu kilikuwa safi, rangi yake ya ufinyanzi imetoka kama siku kiliyotolewa tanuruni. Nilikipandisha juu ya kabati, nisikiguse tena.

Baada ya hapo nilikaa. Sina neno jengine la kueleza miezi ile. Niliamka, nikasali, nikakaa kwenye kochi mpaka sala nyengine.

Nina binti mmoja. Kazaliwa hapa hapa, anafahamu kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Hata na bibi yake walizungumza hivyo hivyo miaka ishirini na zaidi, kila mtu na lugha yake, na sikuwahi kuwaona wakishindwa kusikilizana. Siku moja alirudi kazini na karatasi aliyoichukua maktaba. Kulikuwa na mahali, dakika ishirini kwa basi kutoka kwetu, panachimbuliwa nyumba ya watawa wa kike wa zama za mwanzo kabisa, Ukristo ulipokuwa bado mgeni katika nchi hii. Fleti zilitakiwa kujengwa pale, na kabla ya kuamua kipi kijengwe na kipi kihifadhiwe, ilibidi kwanza ijulikane chini kuna nini. Walitaka watu wa kujitolea. Nilimwambia mimi na watawa hatuna biashara. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mimi na kochi pia hatuna.

Nikaenda, kwa hasira zaidi kuliko hamu. Wenzangu wa darsa ya Alhamisi walinicheka vizuri. Mmoja aliniuliza kama nimechoka na ujane nimeona bora nitawe moja kwa moja. Mwengine alitaka kujua kama tunafukua makaburi, nikamhakikishia kwamba makaburi hayaguswi. Sisi tulikuwa upande wa jikoni.

Niseme ukweli, nilipapenda siku ya kwanza. Palikuwa na matope, maturubai, na shimo kubwa lenye kingo zilizonyooka, vijana wamepiga magoti ndani wakikwangua udongo kwa miko midogo ya waashi. Mkuu wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, buti zake daima zimekauka matope ya jana. Kazi yangu ilikuwa kuosha vigae vya vyungu kwenye karai, kwa mswaki, kisha kuvipanga juu ya magazeti vikauke. Mwenzangu wa karai alikuwa mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na chupa ya chai. Nikishika kigae ndani ya maji, nikisikia vile vigae vinavyogongana, nilikuwa Pemba. Nilikuwa uani kwetu, maji ya kisima yananipanda viganjani, na Mama yuko nyuma yangu anachambua mchele. Huku London nilikoishi miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kupata mahali palipomrudisha kwangu namna ile. Nilianza kuamka asubuhi na mahali pa kwenda.

Asubuhi ya kwanza tulipewa kanuni moja. Kigae chenye weusi wa moto nje, au ukoko wa chakula ndani, hakioshwi. Kinafungwa kikavu kwenye karatasi ya foili na kuwekwa kando. Niliisikia na niliifahamu. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu wengine walinihurumia wakidhani Kiingereza kilinipita. Mimi nimefanya kazi wodini miaka yote ile, nimepokezana zamu na madaktari kwa Kiingereza hicho hicho. Hakikunipita.

Wiki ya tano waliligundua jiko lenyewe. Mawe yamepangwa, udongo umeungua mwekundu, na pembeni mwa jiko nusu ya chini ya chungu, imevunjika papo hapo ilipoachwa. Shimo zima liliingia furaha. Mkuu alituita sote akatueleza. Kuhusu watawa wale kulikuwa na maandishi, alisema, ya sala zao na ya mama mkuu wao na ya wafalme waliowapa ardhi, lakini hakuna aliyejishughulisha kuandika walikula nini. Ukoko ule ungesema. Kilikuwa ndicho chungu pekee kilichoonekana pale kikiwa bado jikoni kwake.

Siku ya pili yake ilinyesha. Mfuko wa vigae vya chungu kile uliletwa juu ya meza yetu ili tu usirowe, wakati mtu amekwenda kutafuta foili. Mwalimu alikuwa kafuata maji ya moto. Na mimi, tangu wiki iliyopita, nilikuwa nimeshachoka na miswaki yao isiyong'oa kitu, nimekuja na kumbi langu kutoka nyumbani. Nilifungua mfuko nitazame. Nikaona masizi. Yalikuwa masizi yale yale niyajuayo, yenye mng'aro kidogo kama ya chungu cha Mama. Sikumbuki kukitia kigae cha kwanza majini. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mkono wangu ulikuwa na mazoea ya nusu karne. Mwalimu alipotokea na chai, vigae kumi na moja vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, vyekundu, safi, ndani na nje. La kuona haya zaidi ni kwamba nilikuwa nimefurahi.

Mwalimu aliweka vikombe chini polepole. Mkuu alikuja, akatazama, akachutama mbele ya lile gazeti. Akauliza ni nani aliyeviosha. Mwalimu aliwahi kujibu kwamba sote wawili tulikuwa tunaosha na kwamba mfuko uliwekwa mahali sipo. Maneno yake yote yalikuwa kweli, na nilikuwa na nafasi ya kujificha nyuma yake.

"Ni mimi," nilimwambia. "Na nilijua."

Aliniuliza kwa nini basi. Nikamjibu kwamba kwetu chungu kichafu ni aibu ya mwanamke. Na hapo hapo nilijua nimesema uongo, na kwamba mtu wa kunisuta yuko chini ya ardhi, kwani maisha yake yote aliniambia kinyume chake. Mkuu hakupandisha sauti. Alisema niende nyumbani nikapumzike. Angenipigia kelele ningeshukuru.

Wiki nzima nilirudi kwenye kochi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe, tena mara ya pili. Mlo mmoja wa wanawake waliokaa ardhini miaka zaidi ya elfu ulikuwa umebaki ukisubiri kuulizwa, nami nikauosha ukaenda na maji machafu. Binti yangu aliponiona sitoki alinibana mpaka nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kama ndivyo nilivyofanya na chungu cha Bibi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema siku ya maziko alisimama mlangoni mwa jiko akaniona. Alitaka kunizuia, lakini maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya Kiingereza, na siku ile, nyumba imejaa watu wanamsomea bibi yake, aliona yangekuwa utovu wa adabu. Akaondoka. Nilimvuta nikamkumbatia, na tulilia pale pale, kila mtu na lugha yake.

Siku ya nane mkuu alinipigia simu. Nilidhani ananiita kunikabidhi fomu ya kuondoka, nikavaa vizuri. Nilimkuta kwenye kibanda chao, vigae vyangu kumi na moja vimeunganishwa vikasimamishwa kwenye trei ya mchanga, nusu chungu. Kando yake palikuwa na karatasi yenye mchoro wa chungu hicho na penseli.

"Picha tunazo, lakini tulizipiga kikiwa bado kwenye matope," aliniambia. "Wewe ndiye mtu wa mwisho kuyaona hayo masizi. Nionyeshe yalikuwa wapi."

Nilishika penseli. Halafu nikaona kwamba ninajua. Anayesugua masizi huyajua kuliko anayeyatazama tu, kwa sababu huyatafuta kwa kidole, huyafuata mpaka yanapoishia. Nilimchorea. Upande huu yalikuwa mazito, upande wa pili hayakuwapo kabisa, maana yake chungu hakikukaa juu ya moto kama kwetu kwenye mafiga, kilikaa ubavuni mwake. Kitako kilikuwa na masizi mepesi tu. Ndani, ukoko ulianza vidole viwili kutoka chini, upande wa moto peke yake, tena mgumu, wa kitu kilichoachwa kikaungua. Aliniuliza nadhani kwa nini. Nikamwambia mpishi wa namna hii ilitakiwa akigeuze chungu kila mara. Ama alikuwa mvivu, ama aliitwa kwenda kusali.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaandika yote. Mimi sikuwa nikitania sana. Nimeunguza mchuzi mara ngapi kwa kusema nisali kwanza adhuhuri haraka haraka. Nilimwona mwanamke yule, kitambaa kichwani, anaukunja uso kwenye sala kwa sababu pua yake imeshamwambia jikoni kuna nini. Nilimpenda kama jirani.

Kisha mkuu alinieleza jambo nililokuwa silijui. Chungu cha udongo mtupu, alisema, hunywa. Kila mafuta yanayopikwa ndani huingia kwenye udongo wenyewe na kukaa huko. Mimi nilichoondoa ni ngozi, lakini ndani ya ukuta wa chungu kumbi langu halikufika. Watakata kipande kidogo wakipeleke maabara. Hakuniahidi lolote, ila aliniambia nirudi kwenye karai langu. Nilirudi, nikapewa mifupa ya wanyama na vipande vya vigae vya kuezekea, vitu visivyo na siri ya kupotea, na mwalimu akalichukua kumbi langu akalifungia kwenye sanduku lake la chakula mpaka mwisho wa msimu. Kila jioni alinionyesha kwamba bado limo.

Majani yalipoanza kuanguka, uamuzi ulitoka. Fleti zingesogezwa upande wa barabarani, na nyumba ya watawa ingehifadhiwa. Nilidhani kuhifadhi ni kujengea kioo na taa, watu waje watazame. Mkuu akasema mawe yale yakiachwa wazi, mvua na baridi vitayala kwa miaka michache, na kwamba njia bora ya kuyahifadhi ni kuyarudishia ardhi yake. Basi wakalitandika shimo lote kitambaa maalumu, juu yake mchanga mlaini, kisha udongo. Kwenye jiko alituachia sisi wa kujitolea tuanze kwa mikono. Wenzangu walichukua koleo. Mimi nilipiga magoti nikateka mchanga kwa viganja, mara tatu, kama wanaume walivyonihadithia kwamba walimfanyia Mama. Nililia. Sijawahi maishani mwangu kumtilia mtu udongo, na siku ile nilipata pa kuutia. Mwalimu alinipa leso yake na kutazama upande wa pili.

Jibu la maabara lilifika karibu na mwaka wa Mama kutimia, Jumapili asubuhi, kwenye simu yangu. Mkuu aliandika kwa maneno mepesi, kama anaongea nami. Udongo ulikuwa umehifadhi mafuta ya kondoo, kidogo, na nta ya majani, ya kabichi au mboga ya jamaa yake. Watawa walikuwa wamebandika mboga ya majani na kipande cha nyama cha kuikoleza. Na mchoro wangu wa masizi, alisema, umeingizwa kwenye ripoti.

Niliusoma ujumbe mara tatu. Kisha nikainua macho juu ya kabati.

Nilipanda kiti nikakiteremsha chungu cha Mama. Kilikuwa na vumbi, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu tu, nikatia maji nusu, nikakiweka juu ya moto mdogo. Sikutia chumvi, sikutia kitu. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikijua kwamba kama kingenyamaza nisingekuwa na wa kumlaumu. Kwa muda mrefu palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, basi. Maji yakaanza kutoa mvuke. Nikafumba macho.

Ilikuja taratibu. Kwanza nazi, ile iliyoshika chini kidogo. Halafu bizari, na mwisho kabisa, hafifu lakini yeye mwenyewe, papa mkavu wa Ijumaa, ambaye majirani zetu wawili waliwahi kutugongea mlango kwa sababu yake. Nilishika ukingo wa meza.

Juu, mlango wa chumba cha binti yangu ulifunguka. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi, zikasimama katikati.

"Mama," alisema, na akalisema lote kwa Kiswahili, "Bibi kapika papa."

Nikamwambia ashuke, aje akae.